Yule jamaa wa printa amelikunja behewa langu. AMELIKUNJA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnisamehe.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye feni inayopeperusha karatasi za wateja hadi barabarani. Leo nimempelekea faili la behewa langu la karatasi, mfano wa lile la daraja la tatu la Reli ya Kati, kipimo cha 1 kwa 87, yaani dogo mara 87 kuliko la kweli. Wiki sita nimelichora, dirisha kwa dirisha, mpaka kutu ya chini ya milango. Manila ya gramu 200 nimeibeba mwenyewe kutoka nyumbani, imelazwa kati ya mbao mbili kama mgonjwa wa mgongo.

Akachapa. Akaitazama. Akaikunja.

Narudia: AKAIKUNJA. Katikati ya madirisha! Halafu akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya mkunjo, taratibu, ili iingie vizuri kwenye bahasha ya kaki. Nimepiga kelele hadi mama wa vitumbua akaacha kukaanga. Yeye ananiambia, "Mzee, si unaenda kuikunja tu nyumbani?"

Nyumbani! Nyumbani nakunja pale nilipopachora! Naweka rula, napitisha biki iliyoisha wino, mstari unazama, ndipo manila inakubali kona bila kupasuka. Ukucha wake umebandua rangi, umeacha ufa mweupe kuanzia dirisha la nne hadi paani. Kingo nilizokata kwa wembe napaka makapeni, weupe unapotea. Ufa katikati ya abiria naupaka nini?

Na kipimo sijakigusa. Kila karatasi yangu ina mstari wa milimita 100 wa kukagulia. Nimeupima: 94! Kaiacha printa ijipunguzie ukurasa inavyotaka. Reli ya upana wa mita moja kwangu ni milimita 11.5, ndiyo maana njia yangu ni ya 12. Sasa nina behewa la 1 kwa 93, likisimama stesheni niliyoijenga mwezi jana, abiria watalipanda wameinama. Hilo ningesamehe, ningelipa tena. Lakini ukucha, wakuu. Ukucha!

Kibopa_Mstaafu: Mtu mzima unalilia boksi?

Mwenye uzi: Ni BEHEWA.

Mama_Wawili: Muacheni mwenzenu. Huyohuyo alinichapia kadi 200 za mdogo wangu, "Tunawakaribisha kwenye harufu".

Wa_Nairobi: Pole ndugu. Mimi nilienda makumbusho ya reli hapa Nairobi kuangalia injini ya mvuke Garratt 5918, nikaichora mwezi mzima. Jamaa wa saiba akaniprintia upande wa kushoto mara mbili. Injini yangu inaenda kushoto pande zote.

Reli_Kusini: Kosa lako ni kuchora reli ya mita. Chora TAZARA, milimita 1067, behewa lenye heshima.

SGR_Damu: Heshima gani hiyo? 1435, umeme, Dar hadi Dodoma shati bado jeupe.

Reli_Kusini: TAZARA inafika Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Wewe umeishia Dodoma unajisifu.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye ukucha. Alikunja halafu AKAKAZIA.

Dogo_wa_Mjini: Ukucha ni nini? Fundi cherehani wangu, mnamjua, kanishonea suruali mguu mmoja umefika Tanga, mwingine umegoma Chalinze.

Mama_Wawili: Yule wa karibu na mashine ya kusaga? Ana kitambaa changu tangu Idi!

SGR_Damu: Kila siku "njoo Ijumaa". Ijumaa ya mwaka gani?

Mwenye uzi: Jamani, behewa...

Kibopa_Mstaafu: Kumbe na nyie? Mimi ana kaunda suti yangu nzima. Natoka sasa hivi kwenda kwake. Nani mwingine ana kitambaa pale, tuongozane?