Naomba ushauri: mwenzetu anadandia zamu za watu kwenye gemu la kuigiza kwa maandishi

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Tuko wanne tunacheza gemu la kuigiza kwa maandishi, yaani tunaandika hadithi moja pamoja kwa kuposti, kila mtu anaandika ya mhusika wake, tulikubaliana zamu zinazunguka na mtu akikaa kimya siku 2 anarukwa. Sasa kuna mmoja yuko onlaini muda wote, ukiandika tu mistari miwili keshajibu, wengine hata hawajasoma. Juzi mhusika wangu kanyanyua upanga, nikaishia hapo makusudi ili anayemchezesha adui ndo aamue kama umempata au kakwepa, si ndo utaratibu jamani? Jamaa akadandia, eti upanga umedondoka, mlango umefungwa na mimi nimepiga magoti naomba msamaha! Yaani kaniandikia mpaka maneno ya mdomoni mwangu. Mwenye zamu karudi usiku kakuta pambano lishaisha, kanyamaza hadi leo. Shida jamaa anaandika vizuri kuliko sisi wote (ukweli usemwe) na sitaki aondoke. Msimamizi naye mpole mno. Nimfuate inboksi nimwambie, au tuombe posti yake ifutwe turudi pale upanga ulipokuwa bado hewani?