Kabureta mbili kwenye Porsche 914: Weber au Dellorto, na tuziunganishe vipi?

Mkazi wa Njiro:
Salamu wakuu. Nina Porsche 914 hapa Arusha ambayo mfumo wake wa injekta umeanza kunitesa: sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na nikikanyaga mafuta injini inakohoa kabla ya kuitikia. Nimekusudia kuung'oa mfumo huo na kufunga kabureta mbili. Muuzaji mmoja ananipa Weber 40 IDF mpya, mwingine Dellorto DRLA 40 zilizokwisha kutumika, na wote wanataka jibu wiki hii. Naomba pia ushauri kuhusu kuziunganisha na pedali, kwa kuwa nimeona mfumo wa fimbo ipitayo juu ya injini na mfumo wa kila kabureta kuvutwa na waya wake.

Fundi wa Sakina:
Ndugu, umetuuliza bei ya ng'ombe bila kututajia kama ni ndama au fahali. Injini ni ya lita 1.7, 1.8 au 2.0? Kemshafti (ekseli inayofungua vali) ni ya kiwandani au ilikwisha kubadilishwa? Pampu ya mafuta ni ipi? Kemshafti iliyochongwa kwa ajili ya injekta haitakupa nguvu unayoitarajia kwa sababu tu umefunga kabureta, na ukinunua za 44 (zenye mdomo wa milimita 44) kwa tamaa utapoteza hata ile uliyonayo kwenye mwendo wa chini, kwa kuwa hewa inayopita taratibu kwenye venturi (koo la kabureta) pana haivuti petroli ipasavyo. Mimi ningechukua Weber, maana bado zinatengenezwa. Hizo Dellorto hazitengenezwi tena. Ukizitamani, tikisa kwanza ekseli ya kipepeo (kibao kinachofungua na kufunga njia ya hewa), na ikicheza achana nazo, kwa sababu hewa itakayopenya hapo haitatulizwa na skrubu yoyote.

Dada wa Soweto, Moshi:
Kaka, kwa nini unakimbilia kung'oa? Gari la lita 1.7 na la lita 2.0 yalitumia injekta ya D-Jetronic, inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, ilhali la 1.8 la soko la Marekani lilikuja na L-Jetronic, inayopima hewa kwa kibao kinachosukumwa nayo. Kwenye L-Jetronic, hewa yoyote inayoingia baada ya kibao hicho haihesabiwi, hata ikipitia kofia ya oili isiyobana, na dalili zake ni hizo hizo ulizozieleza. Mpira wa kofia hiyo ni bei ya chai ukilinganisha na jozi ya Weber.

Mzee wa Shanty Town:
Wanangu, nawaeleza yaliyonipata. Gari langu la lita 2.0 lilifungwa kabureta mbili katika gereji ambayo sitaitaja, na kwa macho kazi ilipendeza. Waliiacha pampu ya injekta, inayosukuma petroli kwa takriban bar 2, wakati Weber za aina hii zinahitaji kama robo ya bar. Sindano ya boya, inayofunga petroli chemba ya kabureta ikijaa, haikuweza kuhimili msukumo huo, chemba ikafurika, na petroli ikashuka ndani ya silinda na kuosha oili kwenye kuta zake. Nilisikia harufu nikipanda kuelekea Marangu. Niliposimama na kuchomoa kijiti cha oili, kiwango kilikuwa kimepanda na oili yenyewe inanuka petroli. Kumbukeni kwamba injini ya gari hili iko nyuma ya mgongo wa dereva, kwa hiyo sikuthubutu kuiwasha tena, na tulirudi Moshi tukivutwa kwa kamba.

Tulipobadilisha pampu likajitokeza la pili. Vijiti viwili vinavyoshuka kutoka kwenye fimbo kuu havikulingana urefu, na kimoja kiliinama. Injini ya namna hii ikipata joto hutanuka na kabureta husogea mbalimbali kidogo. Kijiti kilichoinama kikaanza kufungua kipepeo chake chenyewe, sailensa ikapanda upande mmoja, na injini ikatetemeka kila niliposimama.

Fundi wa Sakina:
Shikamoo mzee. Hapo umeligusa lenyewe. Hiyo fimbo ya juu ya injini, ya pembe sita, ni nzuri mradi vijiti vya pande zote viwe wima, vilingane urefu, na mikono inayovipokea ilingane pia. Usawazishe sailensa vijiti vikiwa vimefunguliwa na injini ikiwa ya moto, kisha uvirudishe bila kuigusa sailensa hiyo. Baada ya hapo mtu akanyage pedali mpaka mwisho, nawe uchungulie kama vipepeo vyote vimefunguka kabisa. Waya mbili sizipendi, kwa sababu hurefuka kwa viwango tofauti.

Dereva wa Usa River:
Mnasahau mwinuko. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Jeti kuu (tundu linalopima petroli) kwa kawaida hukadiriwa kwa kuzidisha kipenyo cha venturi mara nne, kwa hiyo venturi ya milimita 28 inaanzia karibu na jeti namba 115. Hapa ningeanza na 110.

Dada wa Soweto, Moshi:
Na akishuka Dar es Salaam? Mchanganyiko wa hewa na petroli utakuwa mwembamba, yaani petroli itapungua, na injini inayopozwa kwa hewa haina msamaha kwenye joto. Afadhali 115 na plagi zenye weusi kidogo kwa petroli kuzidi.

Dereva wa Usa River:
Dada, gari la watu wawili lenye usukani wa kushoto linakwenda Dar mara ngapi? Asome rangi ya plagi akiwa hapa hapa, ndipo achague.

Mkazi wa Njiro:
Nashukuruni wote. Injini ni ya 1.8, na pampu ni ile ya injekta. Kofia ya oili haina mpira kabisa. Nitautafuta kwanza, ingawa mwenye Weber amenipigia tena mchana huu.

Fundi wa Sakina:
Na kemshafti je? Toleo la 1.8 la Ulaya lilitoka kiwandani na kabureta mbili za Solex. Tupigie picha namba ya injini, kwa sababu kama ni hilo, basi kuna mtu aliyekuwekea hiyo injekta baadaye.