Usaili wa "Afisa Masoko" kumbe ni kuzungusha mzigo mtaani, mnazijuaje hizi kazi mapema?

Binti_wa_Tandika: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nauli inaniishia. Nimemaliza digrii ya masoko mwaka jana, nikiona tangazo la Afisa Masoko naomba na kweli naitwa, shida nikifika sio masoko. Ya juzi ilikuwa Sinza, watu tumejaa mapokezi, muziki unapigwa asubuhi yote ile, dada akaniuliza jina na ninakokaa akasema umepita, kesho njoo na viatu vya kutembelea. Kesho yake nimepewa kaka mmoja kapiga tai, begi mgongoni, daladala mpaka Tegeta tunagonga mageti kuuza machujio ya maji, na jua la Dar mnalijua. Mshahara hakuna, komisheni tu, nauli juu yako, ila eti ukikaza unafungua ofisi yako mwenyewe. Sasa Alhamisi nimeitwa kampuni ya bima, nao wameandika Afisa Masoko. Niende? Na kwenye simu niulize nini?

Kobe_Mpole: Bongo masoko maana yake miguu 😂 pole dada

Mama_Ajira: Mdogo wangu nimekaa sana upande wa kuajiri, angalia tangazo lenyewe kwanza. Nafasi ishirini, uzoefu hauhitajiki, kazi hazitajwi, wanaandika tu "uwe mchangamfu", hao wanatafuta wauzaji na wanajua wengi watakimbia ndo maana wanaita wengi. Kampuni ya kawaida idara ya masoko ina watu wachache, itaajirije ishirini kwa mpigo? Ukipigiwa uliza hela ya matangazo anaishika nani na mimi nitafanya nayo nini. Penye masoko kuna bajeti, kuna redio, mabango, kurasa za mitandao, machapisho ya kulipia. Pasipo na bajeti tangazo ni wewe na soli zako.

Chief_Komisheni: Mnaiponda mauzo bure. Mimi nimeanzia huko, mteja niliyemfahamu mlangoni hakuna darasa lingenionyesha. Kibaya ni kudanganywa. Na kwenye bima dada tofautisha mwajiriwa na wakala, wakala anasajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na analipwa kamisheni ya alichouza, hana mshahara na hana mtu wa kumchangia NSSF. Waulize wazi unaingia kama nani.

Binti_wa_Tandika: Asanteni. Kuna wengine wanataka nilipie fomu na mafunzo ndo nipangiwe usaili, hiyo ni sawa?

Mama_Ajira: Usitoe hata mia. Wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza anayetafuta kazi, na mwajiri mwenye kazi kweli hahitaji hela yako. Halafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 15 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi unapoanza kazi, majukumu yako, kituo, saa za kazi, mshahara na unavyopigwa hesabu. Anayekwambia tuanze kwanza karatasi zitakuja baadaye, karatasi haziji.

Kobe_Mpole: Zangu bado nazisubiri

Binti_wa_Tandika: Nimewapigia wa bima. Wamesema ukweli angalau, ni mauzo, ila naajiriwa, kuna mshahara wa msingi na komisheni juu, na tageti ya kila mwezi. Nimewauliza mbona mmeandika masoko, dada akacheka akasema tukiandika mauzo hamji. Naelekea kwenda, sina kingine kwa sasa, huku naendelea kuomba.

Chief_Komisheni: Nenda. Ila kabla hujasaini uliza usipofikisha tageti ule mshahara wa msingi unaguswa au hauguswi, na mteja akiacha kulipia bima yake komisheni uliyokwishachukua wanakudai uirudishe au vipi. Wengi wanaumizwa na hilo la pili.