Picha ya mama wa muheme: ni ya mpiga picha peke yake?

Mbukwenyi wadau. Naleta hili hapa maana mimi na wapiga picha wenzangu wa Dodoma mjini tumeshindwa kuelewana, na mmoja keshaninunia.

Kiangazi kilichopita nilikwenda upande wa Chamwino kumpiga picha mama mmoja mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo. Kichwani nilishapanga kila kitu: mbuyu nyuma, mama mbele, shanga shingoni, tabasamu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nikishika ngoma sicheki." Yakaletwa mabua, akawasha moto, akaanza kuipasha ngozi ya ngoma. Anaigonga kwa vidole, anasikiliza, anaipasha tena. Karibu nusu saa! Jua langu la saa kumi na moja linazama hivi hivi, mimi nauma meno tu. Mwishowe akaibana ngoma mapajani, akanipa mgongo, akapiga. Moshi wa mabua ulikuwa haujatawanyika. Nikabonyeza.

Iliyopata mnunuzi ni hiyo ya mgongo na moshi. Zile za tabasamu (alinipa mbili, kwa huruma) hakuna aliyeziulizia. Hoteli moja imelipa laki sita. Mama siku ile nilimwachia elfu ishirini.

Sasa moshi ule aliubuni nani? Msimamo wangu: nimpe nusu, na jina lake liandikwe kando ya langu. Wala si sadaka. Karibuni.

*Mpiga picha, Area D:*
Mkuu, unatuharibia soko. Kamera yako, mafuta ya pikipiki yako, usiku kucha kwenye kompyuta ni wewe. Na ulimlipa. Kesho bwana harusi naye atadai mgawo kwa sababu alikaa vizuri? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, kazi ni ya aliyeibuni.

*Mleta mada:*
Bwana harusi ananilipa mimi, kaka, na nikimwambia ageuke anageuka. Huyu nilimwambia acheke akakataa, na kukataa kwake ndiko kulikouza. Sheria hiyo hiyo inatambua kazi iliyobuniwa na watu zaidi ya mmoja. Hilo neno "hakishiriki" unadhani liliwekwa kwa ajili ya nani kama si wasanii wanaocheza na kuimba?

*Mwigizaji wa jukwaani:*
Mimi hela siziongelei, naongelea jina. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Humo aliweka saa, redio na mavazi, mteja anajichagulia awe nani kwenye picha. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York zikiwa zimeandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mpiga picha gani hapa hakuumia kusikia hivyo? Haya, nendeni mkasome mnavyoandika chini ya picha za mama zetu: "Mwanamke wa Kigogo." Hamkumuuliza anaitwa nani?

*Mpiga picha, Area D:*
Jina sawa. Jina halina gharama. Nusu ya hela, hapana.

*Mjukuu wa Chamwino:*
Shikamooni wakubwa. Mnagawana mbuzi na wenyewe hamjawaita. Muheme si ngoma ya mtu mmoja, wanapiga wakina mama kwa pamoja, na mapigo yale mama alirithi kwa waliomtangulia. Ile sheria mnayoitaja ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, mbona mmeiruka? Mleta mada, siku ile mama alikuwa peke yake kweli? Au wengine umewakata?

*Mleta mada:*
Hapo umenishika, mdogo wangu. Walikuwepo wanne nyuma yangu, wanamwitikia. Sikuwageuzia kamera hata mara moja. Na aliyeleta mabua, sasa ndiyo nakumbuka, hakuwa mama, alikuwa mmoja wao.

Laki tatu ipo kwenye simu. Sijaituma bado.