Mrejesho: figo za baba na vidonge vya magoti

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kuhusu baba: miguu imemvimba, presha 170, na diklofenaki, dawa ya maumivu, anameza kila siku kwa ajili ya magoti.

Tulikwenda kupima hapa Chake Chake, Pemba. Mkojo una protini, kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) imepanda kidogo. Daktari akamkataza vidonge vile. Hupunguza damu inayofika kwenye figo. Magoti sasa tunamkanda kwa maji moto, na dawa ya presha hakosi.

Kazi ilikuwa kupunguza chumvi. Baba bila ya ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, haoni mchuzi! Sasa ni samaki mbichi, ndimu na pilipili kwa wingi.

Juzi presha 132 kwa 84, viatu vinamwingia. Alhamdulillahi. Damu tunarudia kupima baada ya Idi. Aliyenambia nitazame mfuko wa dawa wa baba, Mungu akulipe kheri.