Kakao ya moto ya kupika mwenyewe: mbona ina mabonge na bado ni nyepesi?

JikoLaJioni
Habari za jioni wadau. Naomba mwongozo wa kupika kakao ya moto iliyo nzito, si ile ya pakiti iliyokwisha kuchanganywa na sukari na maziwa ya unga.

Utaratibu wa sasa ni huu: maziwa nusu lita yanachemka, natia vijiko 4 vya chai vya poda ya kakao na vijiko 6 vya chai vya sukari, nakoroga, namimina. Kinachotoka ni mabonge yanayoelea (ukiyapasua, ndani kuna poda kavu), kinywaji chepesi, tope chini ya kikombe, na utando juu kabla hata hakijapoa. Poda ikiongezwa, uchungu unazidi. Sukari ikiongezwa, utamu unazidi lakini uzito hauji.

Nina poda isiyo na sukari, yenye rangi ya kahawia hafifu, na chokoleti nyeusi ya asilimia 70. Je, niache poda nitumie chokoleti? Naomba vipimo vya vikombe viwili, kwa gramu ikiwezekana.

MwikoMrefu
Usiache poda, mkuu. Vitumie vyote viwili, ila ubadilishe mpangilio, maana matatizo yako karibu yote yanatoka hapo.

Poda ya kakao haiyeyuki kama sukari. Ni chembe za mbegu za kakao zilizokaangwa, zikasagwa na kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta. Poda ya kawaida hubaki na mafuta asilimia 10 hadi 12, na zile nono hufika 20 hadi 24. Mafuta hayo yanakataa maji. Tena ndani ya chembe mna wanga, na wanga ukikutana na maziwa yanayochemka unavimba papo hapo na kufunga ganda nje ya bonge, huku poda iliyo katikati haijaguswa na tone. Bonge la namna hiyo halivunjwi kwa kukoroga.

Jambo la pili ni kipimo. Vijiko 4 vya chai vya poda ni gramu 8 hivi. Kwa nusu lita ya maziwa hiyo ni theluthi ya kinachohitajika. Uchungu unaouogopa ukiongeza unatokana na kukosa chumvi na mafuta ya kuulainisha, na pia poda yenyewe haijaiva.

Vipimo vya vikombe viwili vikubwa: poda gramu 25 (vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa), sukari gramu 30 (vijiko 2 na nusu vya chakula), chumvi kibano kidogo, maji ya moto mililita 60, maziwa yenye mafuta kamili mililita 450, chokoleti yako gramu 40 iliyokatwakatwa ndogondogo, na vanila nusu kijiko cha chai.

Chekecha poda moja kwa moja kwenye sufuria yenye kitako kizito. Changanya na sukari na chumvi zikiwa kavu kabisa, mpaka usione tena poda peke yake wala sukari peke yake. Punje za sukari ndizo zinazotenganisha chembe za kakao ili maji yapate njia. Kisha mimina maji kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko mwanzoni, ukisaga kwa mgongo wa mwiko hadi upate rojo laini linalong'aa. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu bonge likipona kwenye rojo litaonekana kikombeni.

Sasa weka sufuria kwenye moto mdogo na upike rojo hilo, ukikoroga bila kuacha, mpaka litoe mapovu mazito kwa dakika moja au mbili. Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoleta kakao ya kweli: wanga unavimba sawasawa, harufu inafunguka, na ule ukali wa poda mbichi unaondoka. Maji yanafaa kuliko maziwa katika hatua hii kwa sababu hayana protini ya kushika chini.

Ongeza maziwa mililita 100 kwanza, koroga hadi yashikane na rojo, ndipo umimine yaliyobaki. Pandisha moto uwe wa wastani. Ukiona mvuke unatoka na mapovu madogo yanazunguka ukingoni, hapo ni kama nyuzi 80, zima. Tia chokoleti, iache nusu dakika ilainike, kisha piga kwa nguvu na kipigio cha waya dakika nzima. Vanila iwe ya mwisho, nje ya moto, la sivyo harufu yake inaondoka na mvuke.

Kakao_Tupu
Naunga mkono, na niongezee hesabu inayoonyesha kwa nini poda peke yake haileti uzito. Maziwa mililita 450 yenye mafuta asilimia 3.5 yana mafuta gramu 16 hivi. Poda gramu 25 ya kawaida inaongeza chini ya gramu 3. Chokoleti ya asilimia 70, gramu 40, inaongeza takribani gramu 16 nyingine. Yaani kipande hicho kidogo kinakaribia kuongeza mafuta ya kinywaji maradufu, na mafuta ndiyo yanayofanya ulimi uhisi kitu kinene. Ukitumia maziwa yaliyoondolewa mafuta usitegemee uzito huo, hata ufuate kila hatua.

Kuacha poda kabisa na kutumia chokoleti tupu kunawezekana, gramu 100 kwa nusu lita, lakini siipendi kwa sababu mbili. Kwanza, ladha ya kakao inakuwa ya duara, haina ile ncha kali inayotoka kwenye poda. Pili, mafuta hupanda juu na kuonekana kama vidoa vinavyong'aa. Hilo ni tatizo la zamani mno: kabla ya mtambo wa kukamua mafuta ya kakao, uliopewa hataza kwa familia ya Van Houten huko Uholanzi mwaka 1828, kinywaji kilipikwa kwa kakao nzima na mafuta yake yote, na kuelea kwa mafuta kulikuwa jambo la kawaida. Poda ilipatikana kutokana na mtambo huo. Kwako wewe chembe za poda zinasaidia kuyashikilia mafuta ya chokoleti yasijitenge, ndiyo maana mchanganyiko wa vyote viwili ni bora kuliko kimoja. Vidoa vikitokea hata hivyo, piga kwa blenda sekunde 20. Jagi lisizidi nusu na kifuniko kiachiwe upenyo wa mvuke kutoka, usije ukaungua.

Onyo kuhusu chokoleti. Usiiyeyushe peke yake pembeni ukiwa na kijiko chenye maji. Matone machache tu yanaifanya igande ghafla na kuwa ngumu na yenye chembechembe, kwa sababu sukari iliyo ndani inanyonya yale maji na kunata. Ikitokea, usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku ukipiga, na ikipata maji ya kutosha inarudi kuwa laini. Kwenye utaratibu wa MwikoMrefu jambo hili halikuhusu, maana chokoleti inaingia kwenye maziwa mengi tangu mwanzo.

Soma pia maandishi ya pakiti. Unataka siagi ya kakao, si mafuta mengine ya mimea. Yale mafuta mengine yanaacha utando wa nta kwenye kaakaa. Vile vipunje vya kuokea navyo vimetengenezwa ili vibaki na umbo vikiwa kwenye joto, kwa hiyo vinayeyuka kwa shida.

Sufuria2
Hapo kwenye chokoleti natofautiana nanyi kidogo. Gramu 40 inalemea kwa mtu anayekunywa kikombe kizima. Wanga wa mahindi unaleta uzito bila mafuta: vijiko 2 vya chai kwa nusu lita, na chokoleti ipunguzwe iwe gramu 20.

Namna ya kuutia: koroga wanga na vijiko 3 vya chakula vya maziwa BARIDI hadi uwe laini, mimina kwenye sufuria maziwa yakiwa vuguvugu, kisha uache vichemke taratibu dakika moja nzima huku ukikoroga. Ukizima kwenye nyuzi 80 kama alivyosema MwikoMrefu, wanga hautaiva vizuri, utasikia unga mdomoni na kinywaji kitabaki chepesi. Chokoleti na vanila vifuate baada ya kuzima. Kumbuka kinazidi kuwa kizito kikipoa, kwa hiyo kikiwa kwenye moto kionekane chepesi kidogo kuliko unavyotaka. Vijiko 3 vya chai vinakifanya kama uji, hapo utahitaji kijiko badala ya kunywa.

Faida nyingine ni tope. Chembe za kakao zinazama kwa sababu haziyeyuki, na kadiri kinywaji kilivyo kizito ndivyo zinavyochelewa kuzama.

MwikoMrefu
Sufuria2, kwa tope nakubali. Ila wanga unafunika ladha, na nadhani ndiyo sababu wengi wakishautia wanaishia kuongeza sukari. Mwenye kuutumia apandishe poda hadi gramu 30 na asisahau chumvi.

JikoLaJioni, umesema poda yako ni ya kahawia hafifu. Basi yaelekea ni poda asilia, isiyotiwa alkali. Hiyo ina uchachu na ukali. Iliyotiwa alkali ni nyeusi zaidi, laini mdomoni, na inachanganyika na kimiminika kwa urahisi. Hakuna iliyo mbaya. Ukiona uchachu umezidi, tia magadi ya kuokea yanayokaa kwenye ncha ya kisu, ndani ya rojo, kabla ya maziwa. Rojo litatoa povu kidogo na rangi itakolea. Magadi yakizidi hapo kinywaji kinakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna cha kukiokoa. Beking poda si mbadala wake.

JikoLaJioni
Asanteni sana, sasa naelewa kwa nini bonge lilikuwa kavu ndani. Bado nina maswali matatu: maziwa kushika chini ya sufuria, maziwa ya soya kukatika yakikutana na kakao, na kama naweza kuandaa mapema nikaweka kwenye friji. Na ule utando wa juu je?

Kakao_Tupu
Kushika chini: protini za maziwa zinashuka na kuganda kwenye kitako chenye moto mkali. Moto usizidi wastani, na utumie mwiko wenye ncha bapa unaofagia kitako chote pamoja na pembe. Rojo likiwa halijachanganyika vizuri, sukari yake inalala chini na kuungua kwanza, kwa hiyo hakikisha limeshikana na maziwa kabla ya kupandisha moto. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue. Mimina kilicho juu kwenye sufuria nyingine taratibu, kilichoshika kibaki huko huko.

Utando ni protini na mafuta yanayokauka pale juu ambapo maziwa ya moto yanakutana na hewa. Piga kwa kipigio mpaka povu lifunike uso wote, na utando haupati nafasi. Kama hunywi mara moja, funika sufuria.

Soya inakatika kwa sababu ya uchachu wa poda asilia ukijumlisha joto kali. Tumia poda iliyotiwa alkali, au ile ncha ya kisu ya magadi. Pasha maziwa ya soya pembeni yawe vuguvugu, yamimine kwenye rojo kwa mkondo mwembamba ukikoroga, na usiyaache yachemke. Tui la nazi halina shida hiyo: tui zito mililita 150 na maji mililita 300 vinatosha kwa vikombe viwili, ila likichemka kwa nguvu mafuta yanajitenga. Chokoleti ipunguze, maana tui lina mafuta ya kutosha.

Sufuria2
Kuandaa mapema: weka rojo, si kinywaji. Poda gramu 100, sukari gramu 120, maji mililita 240, chumvi nusu kijiko cha chai. Pika kama ulivyoelezwa kwa dakika 3, lipoe, litie kwenye chupa safi na kavu yenye kifuniko. Kwenye friji litumie ndani ya wiki moja, kwa sababu sukari yake si nyingi kiasi cha kulihifadhi zaidi ya hapo, na kila unapochota tumia kijiko kikavu.

Hilo ni la vikombe 8. Kikombe kimoja kinataka vijiko 3 vya chakula vya rojo na maziwa mililita 225. Anza na rojo sufuriani, lilainishe kwa maziwa kidogo, kisha ongeza mengine. Chokoleti gramu 20 iingie siku hiyo hiyo ya kunywa, usiichanganye kwenye chupa, maana mafuta yake yataganda kwenye baridi na rojo litakuwa gumu kuchota.

Kinywaji kilichobaki nacho kinakaa siku mbili kikiwahi kuingia friji kabla ya saa mbili kupita. Kitakuwa kizito na chenye tabaka la mafuta juu, hakijaharibika. Kipashe kwa moto mdogo, ongeza maziwa vijiko viwili vitatu, na upige tena.

JikoLaJioni
Nimeelewa. Kwa hiyo kama nina poda tu na chokoleti imekwisha, mafuta niyatoe wapi?

Kakao_Tupu
Krimu mililita 50 badala ya kiasi hicho hicho cha maziwa. Kama hakuna krimu, siagi isiyo na chumvi gramu 10, uitie ndani ya rojo likiwa bado linachemka, si kwenye maziwa, ili ipate kusambaa kwenye chembe za kakao. Vijiko 2 vya chakula vya maziwa ya unga yenye mafuta kamili navyo vinasaidia, ila changanya na poda na sukari zikiwa kavu, kisha moto wa rojo uwe mdogo zaidi maana sasa lina protini ya kushika chini. Sukari iongeze gramu 10 kufidia iliyokuwa kwenye chokoleti.