Mlango umebonyea, rangi imetoka mpaka bati: nibandike stika au nipake rangi?

MamaWawili
Wakuu, habari zenu. Nililiacha gari limeegeshwa, kurudi nikakuta mtu amelikwaruza ubavuni na kuondoka zake. Mlango wa nyuma umebonyea kiasi cha kiganja, na katikati ya bonde umepita mkwaruzo mrefu. Sehemu kubwa umekwangua juu juu, ila kuna kipande cha urefu wa kidole bati linaonekana jeupe kabisa. Bampa la nyuma nalo limechunika kwenye kona. Rangi ni ya fedha, ile yenye chengachenga. Hili ni gari la kazi, linapeleka watoto shule na kubeba mizigo, sitafuti liwe jipya. Kuna aliyenishauri nibandike stika kubwa yaishe. Mnasemaje?

DerevaKimya
Pole dada. Tafuta rangi ya kucha inayofanana, paka, endelea na safari. Bampa ni plastiki, achana nalo.

FundiMsasa
Pole sana dada. Stika usiiguse kwanza. Bati likishakuwa wazi kutu inaanza, na stika haiizuii: unyevu unapenya pembeni, unakaa humo humo, kutu inatambaa chini ya rangi nzima na wewe huioni. Nimebandua stika za namna hiyo nikakuta rangi imeinuka malengelenge, ukigusa kwa bisibisi inazama. Hapo msasa hauna kazi tena, ni kukata na kuchomelea.

Osha mlango, ukauke, halafu lowesha ule mkwaruzo. Sehemu inayopotea ikiwa na maji imeishia kwenye vanishi ya juu, lile tabaka angavu linalofunika rangi. Hiyo polishi inaitosha. Pitisha ukucha taratibu: panaponasa ndipo palipoingia ndani.

Pale penye bati, sugua kwa msasa namba 320 mpaka kingo za rangi ziteremke, ukipitisha kidole usisikie ngazi. Futa kwa kitambaa safi chenye spiriti, na ukishafuta usipashike tena kwa mkono, maana mafuta ya vidole yanatosha kuifanya rangi isishike. Paka praima ya chuma, yaani rangi ya msingi inayotangulia kwenye bati. Ikikauka, weka rangi kwa tabaka nyembamba nyembamba, kisha vanishi. Namba ya rangi usiikisie kwa macho. Magari mengi imeandikwa kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Hata ukiipata, rangi ya fedha ina shida yake: chengachenga hulala tofauti kadiri unavyopuliza, kwa hiyo kiraka kitaonekana ukitazama kwa pembeni. Kwa gari la kazi mimi sioni tatizo. Muhimu bati limefunikwa.

Bonde unaweza kuliacha. Kinacholeta kutu ni rangi iliyopasuka, bonde lenyewe halina neno. Ukitaka lisawazishwe, kwanza linyooshwe kwa ndani, ndipo puti, ile lahamu ya kujazia mabonde, iwekwe nyembamba, isizidi milimita 3 hivi. Wapo wanaojaza shimo lote kwa puti bila kunyoosha, na mlango unaofungwa kwa kishindo kila siku huipasua. Tena puti isiyo na praima juu inanyonya maji na kuyapeleka kwenye bati, kwa hiyo usitembelee gari likiwa limeachwa hivyo.

Ndugu DerevaKimya, rangi ya kucha inaweza kuziba maji kwa muda mfupi, lakini haikutengenezwa kukaa juani, na kama kutu imeshaanza utakuwa umeifungia ndani.

Kwenye bampa nakubaliana nawe, plastiki haishiki kutu. Dada, ile stika yako ibandike hapo ukipenda, ila kama gari lina sensa au rada nyuma ya bampa, usizifunike.

MamaWawili
Asante sana fundi, hii nimeielewa. Nimelitazama tena leo, lile bati jeupe limeshaanza kuwa na vidoa vya kahawia. Msasa bado unatosha?

FundiMsasa
Kama ni vumbi la juu linalotoka likisuguliwa, unatosha. Sugua mpaka uone chuma kinang'aa, na upake praima siku hiyo hiyo. Vikibaki vitundu vyeusi ambavyo msasa hauvifikii, pakaa dawa ya kubadili kutu, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, ndipo uendelee na praima. Na ukiwa umechuchumaa hapo, pitisha mkono kwenye ukingo wa chini wa mlango. Kuna vitundu vya kutolea maji, mara nyingi vimeziba kwa tope. Vizibue kwa kijiti, kwa sababu maji yakituama ndani ya mlango, kutu itaanzia upande wa pili wa bati hilo hilo ulilolihangaikia.

DerevaKimya
Hivyo vitundu sikuwa navijua. Naenda kuangalia langu sasa hivi.